Land Rover 88 ya petroli, nitoe difu za 4.7 niweke 3.54 za Range Rover au niache? (Tanga)

mkazi_raskazone

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kwa wanaozijua Land Rover za zamani kwa kuzishika, siyo kwa kusikia.

Nina Series III ile fupi, 88, petroli, injini yake ile ile ya 2.25. Zamani ilikuwa gari ya shamba la mkonge. Bodi nimemaliza, breki nimemaliza, waya nimepitisha upya, asubuhi inawaka stata moja tu. Shida yangu ni mwendo. Nikitoka Kange nikaishika njia ya Segera, ikifika 75, 80 hapo injini inapiga kelele mpaka aliyekaa siti ya pembeni nikimwambia kitu ananijibu "eeh?", na mkono wa kushoto unaenda wenyewe kwenye gia kutafuta namba tano ambayo haipo. Basi linanipita, Noah inanipita, juzi kanipita bodaboda kapakia magunia na bado kanipungia mkono.

Sasa kuna gereji hapa mjini wana Range Rover ya zamani ile ya V8, imekufa injini, wanaiuza vipande vipande. Nimeambiwa difu zake (zile gia za katikati ya ekseli) ni 3.54 na zinaingia kwenye 88 bila kuchomelea kitu. Yangu ni 4.7, yaani propela, ile shafti ndefu inayotoka kwenye gia, inazunguka mara 4.7 tairi likizunguka mara moja. Fundi wangu anasema tuweke ya nyuma tu, ya mbele tuiache, eti kwani fowili (tairi zote nne kuvuta) natumia siku ngapi kwa mwaka.

Sasa ni kweli zinaingia moja kwa moja? Naweza kubadili ya nyuma peke yake? Na kubwa kuliko yote, itapanda mlima? Maana wikiendi nyingi napita Muheza napanda Amani, na masika ile njia mnaijua wenyewe.


IST_haidaiwi

Uza hiyo chukua IST, gia zote zimo na AC juu 😂


dada_wa_pangani

Wa IST hebu panda Amani na IST yako mwezi wa nne alafu urudi hapa utuhadithie. Mleta mada subiri wanaojua waje, nami nafuatilia, baba analo moja kama hilo limelala nyumbani.


fundi_barabara_ya_8

Mkuu hizi ndiyo kazi yangu hapa Ngamiani, ngoja nikujibu nnavyojua.

Kuingia zinaingia. Difu ya Series 88 na ya Range Rover ya mwanzo, hii iliyoanza kutoka 1970, ni ukoo mmoja. Difu lote linatoka zima kwa upande wa propela, unamwaga oili, unafungua propela, unachomoa shafti kulia na kushoto, siyo lazima zitoke zote, zitoke tu kwenye meno ya difu, alafu unafungua nati za duara unalivuta. Kraun na pinioni, zile gia mbili za ndani ya difu, hugusi kwahiyo habari za kupima shimu, vile vibati vyembamba, hazipo. Ila ni zito, usilipokee kwa kifua, weka jeki chini.

Nyuma ni kazi ndogo kwa anayejua. Mbele ndiyo kasheshe kwasababu shafti za mbele zina joint ya kukata kona, ili uzivute inabidi ufungue bolti za lile bakuli pale linaposhikana na ekseli, utoe mkono wa usukani na mpira wa breki, uvute habu na kila kitu kwa pamoja, pande zote mbili. Na ukishafika hapo utakuta sili za bakuli zimechoka, beringi za kona zimechoka, basi kazi ya siku moja imekuwa wiki. Jipange mfukoni.

Kabla hujatoa hela kwa hao jamaa, chungulia ndani ya difu uhesabu meno ya pale shafti inapoingia. Shafti za Series zina meno 10. Range Rover za miaka ya 70 na 80 nazo ni 10 kwahiyo zinakubali. Kuanzia kwenye 1993, 1994 hivi walihamia meno 24, na Discovery za miaka hiyo nazo hivo hivo, hiyo shafti zako hazitaingia hata ukiomba dua. Usiseme gari ni ya zamani basi na difu ni ya zamani, hizi gari zimeshabadilishwa vitu mara nyingi hapa nchini, unaweza kukuta bodi ya 1978 na difu ya 1995.

Flenji ya pinioni pia, ile inayoshikana na propela, tazama matundu kama yanalingana na propela yako. Yasipolingana unahamisha flenji yako ya zamani, siyo ugonjwa.

Na namba usinunue kwa maneno. Difu likiwa limeshushwa hesabu meno, 3.54 ni kraun 46 pinioni 13, 4.7 ni kraun 47 pinioni 10. Kama bado liko kwenye gari, nyanyua tairi moja tu ya nyuma, la pili libaki chini, gia iwe fri, weka alama ya chaki kwenye propela na kwenye tairi, zungusha tairi mara mbili kamili. Propela ikizunguka mara tatu na nusu hiyo ni 3.54. Ikikaribia mara tano kasoro kidogo hiyo ni 4.7 na huna sababu ya kuinunua, tayari unayo. Ila hilo Range Rover fowili yake ni ya muda wote, propela ya mbele na ya nyuma zinakutana kwenye transifa, lile boksi la pili la gia linalopeleka nguvu mbele na nyuma, kwahiyo fungua propela kwanza ndo uhesabu usije ukadanganyika.

Shika flenji utikise. Ikiwa na pleyi ya juu na chini beringi ya pinioni imekwisha. Oili ukiimwaga ikang'aa vichuma acha. Difu linalovuma kwao litavuma na kwako.

Sasa hili la nyuma tu. Hapana mkuu. HAPANA. Kwenye Series propela ya mbele na ya nyuma ukishaingiza fowili zinafungwa kitu kimoja, katikati hakuna difu ya kugawa. Nyuma 3.54 mbele 4.7 maana yake ni watu wawili wamefungwa miguu pamoja, mmoja anatembea mwingine anakimbia. Mmoja ataanguka tu, na kwenye gari anayeanguka ni shafti au transifa. Kuna gari iliwahi kuletwa hapa kwa kuvutwa, mwenyewe kabadili nyuma, alafu kampa shemeji yake gari bila kumwambia, shemeji kafika kwenye tope kabonyeza nobu ya njano. Shafti ya mbele ilikatika kwa nje.

Fundi wako amesahau kitu kimoja zaidi. Kwenye Series lever nyekundu, ile ya lou (gia za nguvu za kwenye tope na mlima), ukiiingiza fowili inajiingiza yenyewe. Kwahiyo siyo fowili tu unayoipoteza, na lou umeipoteza. Labda uwe na zile habu za mbele za kufunga na kufungua kwa mkono uziache zimefunguliwa, hapo utatumia lou lakini nguvu yote ya lou inaenda nyuma kwenye shafti za meno 10 ambazo hata bila kuchokozwa zinajulikana kwa kukatika. Mbili au usiweke kabisa.


ticha_muheza

Fundi kamaliza upande wa spana, nami niongezee kidogo hesabu maana swali la kupanda mlima halijajibiwa.

Kwenye Series III gia namba nne ni moja kwa moja, transifa ikiwa kwenye hai (gia za mwendo, kinyume cha lou) ni 1.148. Kwa hiyo injini ikizunguka mara 5.4 tairi linazunguka mara moja (1.148 mara 4.7). Ukiweka 3.54 inakuwa 4.06. Raundi zinashuka robo nzima. Kwa tairi za 7.50-16 ambazo zikizunguka mara moja gari inasogea kama mita 2.43, ukiwa 80 sasa hivi injini iko raundi 2,960 hivi. Na 3.54 itakuwa 2,230. Hiyo ni tofauti kubwa sana kwa masikio.

Lakini tazama milima. Gia zako kwa sasa kwenye hai, jumla yake, ya pili ni 12, ya tatu 8.1, ya nne 5.4. Na 3.54 ya pili inakuwa 9, ya tatu 6.1, ya nne 4.1. Yaani ya tatu mpya imekaa karibu na nne yako ya leo. Kilima ambacho leo unapanda na nne ukinung'unika utakipanda na tatu, hakuna shida. Kilima unachopanda na tatu vizuri (8.1), hapo umekwama katikati, tatu mpya (6.1) nzito, pili mpya (9) nyepesi. Utapanda na pili. Kwenye mwendo wa 30 pili itakuwa raundi 1,850 hivi, na hiyo injini nguvu yake ya kuvuta iko kati ya 1,500 na 2,000, kwahiyo haiteseki. Utafika. Utafika kwa pili tu, tatu utaishia kuitamani.

Lou ya kwanza ndo pa kufikiria. Sasa hivi ni 40.7. Itakuwa 30.6. Kwenye tope la Amani na gari imepakia, hiyo tofauti utaisikia mguuni kwenye klachi.

Na kwenye lami tambarare usitegemee miujiza. Injini ina farasi kama 70 na hizo 70 inazitoa kwenye raundi 4,000, bodi lenyewe limesimama wima mbele linasukuma hewa yote ya Tanga. Ukishusha raundi kelele zinapungua, ila upepo wa kaskazi ukikupiga usoni kati ya Hale na Muheza unaweza kujikuta unarudi tatu mahali ambapo zamani hukurudi.

Swali moja, tairi zako ni namba gani?


mkazi_raskazone

Nimetoka nje na tochi ya simu kusoma. 205R16.

Fundi asante sana, hiyo habari ya lever nyekundu sikuwahi kuambiwa na mtu, na fundi wangu nimempigia sasa hivi nikamsomea, kanyamaza kwanza alafu kasema "hata hivyo tungeona" 🤦🏾


ticha_muheza

Basi jibu la nusu ya shida yako liko hapo hapo kwenye tairi. 205R16 ni ndogo, kipenyo chake kama milimita 734. 7.50R16 inafika kama 800. Kwa tairi hizo ulizonazo, ukiwa 80 injini iko karibu raundi 3,200, ndo maana jamaa wa pembeni anasema eeh. Ukiweka 7.50 unashuka mpaka hizo 2,960 na gari inanyanyuka kidogo, na huhitaji kufungua difu wala kuvuta bakuli la mtu. Ni kama umenyanyua gia asilimia 9 hivi. Kidogo lakini bei yake ni bei ya tairi ambazo ungenunua siku moja tu.

Ila zikiwa pana zinaweza kugusa springi au bodi ukikata kona mpaka mwisho, kuna bolti ya kuzuia usukani unairekebisha.


mshambaa_soni

Habari zenu. Mimi nina 88 kama hiyo, napanda na kushuka Mombo Soni Lushoto karibu kila wiki, nikapitia njia ya tatu ambayo hamjaitaja, ovadraivu, gia ya ziada ya kupunguza raundi. Ile ya Fairey, inafungwa nyuma ya transifa pale penye mfuniko wa PTO (pa kuchukulia nguvu ya kuendeshea mashine). Kirungu chake kidogo kinatoka pale chini karibu na lever nyingine. Inapunguza raundi kama asilimia 22. Ukipiga hesabu ya mwalimu hapo juu, nne yangu ikiwa na ovadraivu ni 4.2, karibu sawa na mtu wa 3.54. Ila mimi nikifika Mombo naitoa, gari inarudi kuwa ile ile ya kiwandani na lou yangu 40.7 haijaguswa. Na inaingia gia yoyote, kwahiyo mimi ninayo na tatu na nusu, yaani gia ya kati ya tatu na nne, tatu na ovadraivu ni 6.3.

Ubaya wake kuipata. Hapa nchini ni ya kubahatisha, yangu ilitoka Arusha kwa mtu aliyekuwa anauza vitu vya marehemu mjomba wake. Oili yake ni ya peke yake na ni kidogo sana, ukisahau kuangalia inaungua bila kukuaga. Na inalia lia, siyo kelele ya ubaya lakini ipo.

Sababu iliyonifanya niikatae 3.54 siyo kupanda, ni KUSHUKA. Watu wanaongelea kupanda tu. Kutoka Lushoto mpaka Mombo ni kilomita thelathini na kitu za kona, na Series ina breki za dramu matairi yote manne. Mi nashuka na gia, breki nagusa tu. Ukiweka 3.54 ile nguvu ya injini kuzuia gari inapungua robo vile vile, gia ile ile uliyozoea itakuachia gari, utajikuta kwenye breki, dramu zinapata moto, pedali inaanza kwenda chini. Amani nako siyo utani kwa kushuka. Kama utaweka jifunze upya kushuka, gia moja chini kuliko ulivyozoea.

Na hendibreki. Kwenye Series hendibreki haiko kwenye tairi, iko kwenye propela pale nyuma ya transifa. Inashika propela, propela inashika difu, difu inashika tairi. Kwahiyo 4.7 ilikuwa inaizidishia nguvu mara 4.7. Ukiweka 3.54 inaizidishia mara 3.54. Kama yako leo inashika kwa shida ukipaki mlimani, kesho haitashika. Rekebisha kwanza na tembea na gogo la kuwekea tairi.


mkazi_raskazone

Aisee hendibreki sikuwaza kabisa. Yangu hata hapo nyumbani kwenye mteremko wa geti naiwekea tofali.


mzee_wa_tochi

Shekhe kuna kitu kingine kimesahaulika hapa. Spidomita.

Waya wa spidomita unatoka kwenye transifa, siyo kwenye tairi. Difu ikibadilika spidomita haijui. Itaendelea kuhesabu kana kwamba difu ni 4.7. Kwahiyo mshale ukisoma 60 we uko 80. Ukisoma 50 pale kwenye kibao cha makazi we uko 66, na trafiki wa njia ya Segera hana muda wa kusikiliza habari za kraun na pinioni, tochi yake imeshasoma. Weka simu mbele na GPS, au tafuta fundi wa mita aibadilishe, au weka alama zako kwa kalamu juu ya kioo. Na kilomita zitapungua kwahiyo oili utakuwa unabadilisha kwa kuchelewa kama unafuata mita.

Sisi wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo, na wewe ukiacha 4.7 kwa gari hiyo utaondoka kesho, lakini bora kesho bila faini.


dada_wa_pangani

😂😂😂 mzee.

Samahani mleta mada naingilia kidogo. La baba ni 109 refu, Series III pick-up, siyo 88. Haya mnayosema yanamhusu? Maana kuanzia waweke lami njia ya Pangani na yeye kaanza kulalamika kelele.


fundi_barabara_ya_8

Dada shikamoo ya baba kwanza umfikishie.

109 ya Series III kwa kawaida nyuma haina hii difu, ina Salisbury. Utaijua, tumbo lake ni kubwa la chuma cha kumimina na mfuniko wake uko kwa nyuma, na lile la 88 linafunguka kwa mbele. Salisbury difu halitoki zima. Ili utoe kraun inabidi uitanue ile nyumba na kifaa maalum, na pinioni unaipima shimu upya, hapo unahitaji mtu mwenye vipimo na subira, na wapo wachache. Difu la Range Rover haliingii humo. Ziko Salisbury za 3.54 kwenye Defender 110, lakini ekseli yake ni ya koili na ni pana kuliko yenu, haikai juu ya springi za 109 hivi hivi. Ungehamisha kraun na pinioni, hiyo kazi niliyosema.

Kwahiyo kwa mzee mwambie ovadraivu akiipata, au avumilie. 109 imeumbwa kubeba, tairi zake ni 7.50 tayari kwahiyo na huo mlango umefungwa. Kuna seti ya gia za transifa inayotengenezwa Uingereza inanyanyua hai peke yake na kuiacha lou kama ilivyo, hiyo inakubali 88 na 109, ila bei yake pamoja na kusafirisha ni ya mtu mwenye mapenzi kweli kweli.


engine_swap_arusha

Nimechelewa. Mi nasema hivi, 3.54 ni nzuri ila ni ya injini nyingine. Kwenye lile tamasha la Land Rover hapa Arusha Oktoba 2024 nilizunguka kuongea na wenye Series, na wale wenye 3.54 waliokuwa na furaha karibu wote walikuwa wameshatoa injini ya zamani, kaweka 200Tdi au ya Toyota ya dizeli. 200Tdi ina farasi mia na kitu na turbo inavuta kutoka chini, hiyo 3.54 inaitafuna. Tena kwa injini hiyo 4.7 ni gia fupi mno, raundi zinakuwa nyingi gari bado iko 90. 2.25 petroli na 3.54 ni ndoa ya kulazimisha, itaishi lakini hamtacheka.


fundi_barabara_ya_8

Hapo sikubaliani na wewe wote ndugu. Ziko 2.25 hapa Tanga zenye 3.54 na zinatembea vizuri kabisa, Tanga Dar kila mwezi. Tofauti ni hali ya injini. 2.25 iliyochoka, kompresheni imeshuka, kabureta imevaliwa, hiyo ukiiwekea 3.54 ndo umeiua, haitapanda hata ule mlima mdogo. Iliyo nzima inavuta. Mleta mada alete gari nipime kompresheni silinda zote nne, tukiona zinalingana na ziko juu ndo tuzungumze, moja ikiwa chini hata habari ya difu tusiianze.


mshambaa_soni

Fundi hapo nakuunga mkono, lakini hao wa Tanga Dar hawapandi Amani kila wikiendi. Njia yao ni tambarare. Huyu mwenzetu maisha yake ni nusu lami nusu mlima.


mkazi_raskazone

Nimewasoma wote mpaka usiku na mke wangu kaniuliza naongea na nani 😅

Nimeamua hivi. Tairi nachukua 7.50 mwezi huu maana hizi 205 zimekwisha hata hivyo. Hendibreki naifanya wiki hii. Kompresheni fundi nakuja kwako Jumamosi. Ovadraivu naitafuta, mshambaa nakufuata inbox kuhusu yule mtu wa Arusha kama bado ana vitu. Alafu hizo difu mbili nazinunua kama meno ni 10 na hesabu ya propela ikikubali, kwasababu nikiziacha leo mwenye chuma chakavu atazipakia kesho, na siku nikibadilisha injini nitazitafuta Gerezani kule Dar kwa bei ya kulia. Swali la mwisho, nazihifadhije? Nakaa karibu na bahari, chuma kikilala hapa mwezi mmoja tu kinageuka rangi.


IST_haidaiwi

Yani ananunua difu za kuweka chini ya kitanda. Nimekubali nyie watu ni wagonjwa 😂 ila mnifundishe.


fundi_barabara_ya_8

Usizioshe kwa petroli ukaziacha kavu, hapo ndo kutu inapenda. Zikaushe, zipake oili namba 90 ile ile ya difu, kraun na meno yote, zungusha huku unapaka mpaka iingie kwenye beringi. Matundu ya shafti na pinioni ziba na matambara yenye grisi. Weka kwenye mfuko mzito wa nailoni ufunge, usilaze chini kwenye saruji, weka juu ya mbao. Kila ukikumbuka fungua zungusha flenji kidogo ufunge. Na ukija kuzifunga siku hiyo, gasketi mpya, sili ya pinioni mpya, usirudishe ya zamani hata kama inaonekana nzima.

Hizo 4.7 utakazotoa nazo usiuze. Fanya hivyo hivyo.

Grisi njoo nayo, matambara na oili ya kupakia utachukua kwangu bure Jumamosi. Na ukienda kwa hao jamaa usiende na hiyo 88, nenda kwa miguu, wakiiona imepaki nje watajua unazitaka kwa nini na bei itapanda hapo hapo.